Kwotabeki akitoka, beki wa nyuma anasogea mbele

Januari 7, 2010, kwenye uwanja wa Rose Bowl mjini Pasadena, California, timu ya Chuo Kikuu cha Texas ilianza fainali ya taifa ya mpira wa Kimarekani wa vyuo kwa bahati nzuri. Alabama walijifanya wanaupiga mpira teke kuurudisha mbali, kumbe wanarusha pasi ya ujanja, na pasi ile ikadakwa na beki wa Texas. Mashambulizi yakaanza karibu na lango la Alabama. Kwenye mkupuo wa tano, yaani mara ya tano mpira kuanzishwa, kwotabeki Colt McCoy, mrushaji na mwongozaji wa mashambulizi, akakimbia na mpira mwenyewe, na Marcell Dareus, jitu la mstari wa mbele wa Alabama, akamkumba. Haikuwa rafu, wala pigo lenyewe halikuwa la kutisha. Ukitazama video unaona McCoy anainuka na kutembea hadi pembeni kwa miguu yake. Tatizo lilikuwa mkono wa kulia, ule wa kurushia. Neva ya begani ilikuwa imeumia na mkono ukafa ganzi. Hakurudi tena uwanjani usiku ule.

Texas waliongoza 6–0, wakaenda mapumziko wakiwa nyuma 24–6, wakapoteza 37–21. Wengi huisimulia mechi ile kwa sentensi moja: nyota aliumia, timu ikafungwa. Ni kweli, ila sentensi hiyo haituambii kwa nini miaka mitano baadaye Ohio State walipoteza makwotabeki wawili ndani ya msimu mmoja na bado wakatwaa ubingwa. Ili kulielewa hilo inabidi tuangalie mtu huyu anafanya nini hasa, na wapinzani wanafanya nini asipokuwepo.

Kwa aliyekulia kwenye soka, maelezo machache. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikizipata inaanza kuhesabu upya, ikizikosa inaukabidhi mpira. Kila mkupuo unaanza kwa senta kumtolea mpira kwotabeki, naye anaamua: aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au aende nao mwenyewe. Hiyo ndiyo sehemu tunayoiona kwenye televisheni. Kazi nyingine inafanyika kabla, wakati saa ya sekunde 40 kati ya mkupuo na mkupuo inapokimbia. Anapokea maelekezo ya kocha. Tangu msimu wa 2024 vyuo vikubwa vinaruhusiwa kumwekea mchezaji mmoja redio ndani ya kofia, lakini redio hiyo inakatwa saa inapobakiza sekunde 15. Kuanzia hapo yuko peke yake. Anawapanga wenzake, anahesabu mabeki, anatafuta nani kati yao anajifanya anarudi nyuma huku amepanga kuvamia, na akiona mtego anabadilisha mpango kwa kupaza sauti mbele ya mashabiki zaidi ya elfu themanini wanaopiga kelele makusudi asisikike.

Kijana wa akiba anaweza kuwa na mkono wenye nguvu kuliko wa nyota. Kinachomshinda mara nyingi ni hizo sekunde 15.

Sasa hesabu ya ulinzi. Kocha wa wapinzani ana watu 11 na swali moja linalojirudia usiku kucha: niweke wangapi karibu na mpira, na wangapi nyuma? Kwotabeki anayerusha yadi 40 kwa uhakika anawalazimisha mabeki wawili wa mwisho wabaki mbali. Karibu na mpira wanabaki sita au saba, idadi ambayo ukuta wa mbele wa washambuliaji unaweza kuizuia, na mkimbiaji anapata upenyo. Kwotabeki huyo akitoka, beki mmoja wa nyuma anasogea mbele. Walinzi wanakuwa wanane. Mkimbiaji ni yule yule, ukuta ni ule ule, ila sasa kuna mlinzi mmoja ambaye hana mtu wa kumzuia.

Matokeo yake hayaonekani mara moja. Jaribio la kwanza lililokuwa likizaa yadi nne linazaa moja. La pili halizai kitu. La tatu linabaki na yadi tisa, na hapo kila mtu uwanjani, hadi muuza vinywaji, anajua kwamba pasi inakuja. Walinzi wanavamia kwa wingi, kijana anarusha kwa haraka, mpira unadakwa. Mtangazaji anasema kijana amekosa utulivu. Mimi naona kosa lilianza mikupuo miwili kabla, mpira ulipokuwa haujamkaribia hata yule aliyeudaka. Ndiyo maana kwotabeki anapotolewa nje siangalii sana mbadala wake anavyonyoosha mkono pembeni. Namtafuta beki wa nyuma, nione amesimama wapi.

Turudi Pasadena. Aliyeingia ni Garrett Gilbert, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mbele yake ilikuwa safu ya ulinzi ya Nick Saban, kocha wa Alabama, mojawapo ya ngumu kuliko zote nchini. Texas ya msimu ule haikuwa timu ya kukimbia. Ilimtegemea McCoy arushe, na mara nyingi akimbie pia. Alabama wakasogea mbele, na kipindi cha kwanza karibu kila pasi ya Gilbert ikapotea. Halafu, zikiwa zimebaki sekunde chache kabla ya mapumziko, Texas wakajaribu pasi fupi ya kusukuma, ya chini kwa chini, ambayo kwa kawaida haina hatari yoyote. Mpira ukagonga mikono ya mpokeaji ukaruka juu, na aliyeudaka akawa Dareus yule yule. Alikimbia nao yadi 28 hadi mwisho wa uwanja.

Watu husahau kilichofuata. Mapumziko yalimfaa Gilbert. Makocha walipata muda wa kukata mpango mzima, kutupa mikupuo iliyotungwa kwa ajili ya McCoy na kubakiza ile ambayo kijana alikuwa ameizoea. Akaanza kumpata Jordan Shipley, mpokeaji bora wa timu, na pasi mbili za tachidauni (mpira kufikishwa ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani) kwake zikafanya matokeo yawe 24–21, zikiwa zimebaki kama dakika sita. Texas wakaupata tena mpira, wakihitaji goli moja tu la teke kusawazisha. Hapo Eryk Anders akamjia Gilbert kutoka upande asioutazama, mpira ukamtoka mkononi, Alabama wakauokota yadi tatu kutoka mstari wa mwisho. Mechi ikaishia hapo. Gilbert alimaliza na pasi 15 zilizofika kati ya 40, na nne zilizodakwa na adui.

Lakini iangalie na ile timu iliyoshinda. Greg McElroy, kwotabeki wa Alabama, usiku kucha alirusha pasi 11, zikafika sita, jumla yadi 58. Ni kidogo mno. Kazi ilifanywa na wakimbiaji wawili, Mark Ingram aliyepata yadi 116 na Trent Richardson aliyepata 109. Kama Dareus angekuwa wa Texas na McElroy ndiye angeumia, sidhani kama Alabama wangeyumba nusu ya hivyo. Uzito wa jeraha unategemea timu ilikuwa imembebesha nini aliyeumia, na Texas walikuwa wamembebesha McCoy karibu kila kitu.

Kuna jambo la vyuo hasa, ambalo kwenye ligi ya kulipwa halina makali yale yale. Hawa ni wanafunzi. Sheria za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinaweka kikomo cha saa 20 za mazoezi na shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu. Ndani ya saa hizo kocha anataka kwotabeki wa kwanza arudie mikupuo ya Jumamosi mpaka aiote usingizini, na muda huo unatoka kwa wa pili. Akiingia ghafla, hata mambo madogo yanakuwa mageni. Kila kwotabeki ana mdundo wake wa sauti anapoitisha mpira; ukuta wa mbele ukiwa umezoea mdundo wa mwingine, mtu mmoja anatikisika mapema, na timu inarudishwa yadi tano. Wapokeaji nao hukimbia njia walizopangiwa wakijua mpira utarushwa kabla hawajageuka. Kwotabeki mpya akichelewa hata nusu sekunde, beki ameshafika.

Hata mkono wenyewe una mambo yake. Alabama ya 2018 iliongozwa na Tua Tagovailoa, mtu wa mkono wa kushoto. Kwa kwotabeki wa mkono wa kulia, upande asiouona anaporusha ni wa kushoto, na ndiko anakopangwa mlinzi bora wa ukuta. Kwa Tua ilikuwa kinyume. Mpira wake pia ulizunguka kinyume, na wapokeaji wanasema hilo linahisiwa kwenye vidole. Desemba 1, 2018, kwenye fainali ya kanda ya SEC (kanda ni kundi la vyuo vinavyoshindana kila msimu) dhidi ya Georgia, Tua aliumia kifundo cha mguu katika robo ya nne Alabama wakiwa nyuma kwa pointi saba. Akaingia Jalen Hurts wa mkono wa kulia, na vyote hivyo vikageuka kwa mkupuo mmoja. Alabama walishinda 35–28. Ila Hurts hakuwa mbadala wa kawaida: misimu miwili iliyotangulia alikuwa yeye kwotabeki wa kwanza wa timu ile ile, na alikuwa amenyang'anywa nafasi na huyo huyo Tua.

Mtu kama Hurts siku hizi ni adimu kumkuta benchi. Tangu 2021 mwanafunzi anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kijana mzuri aliyewekwa wa pili haoni sababu ya kusubiri. Msimu ukiisha anafungasha. Kocha anabaki na nyota na mtoto wa mwaka wa kwanza. Kwa upande mwingine, sheria ya 2018 inamruhusu kijana kucheza hadi mechi nne bila kupoteza mwaka wake mmoja wa kustahiki kucheza chuoni, kwa hiyo makocha wenye akili huwapa dakika mapema, Septemba, timu inapoongoza kwa pointi 30. Zile dakika za mwisho ambazo mashabiki wanaondoka kwenda kuwahi maegesho, kwa benchi ni mazoezi ya dharura.

Ohio State ya 2014 ndiyo mfano wa upande wa pili. Agosti, kabla msimu haujaanza, Braxton Miller aliumia bega. Nafasi akaichukua J.T. Barrett, akafanya vizuri mpaka Novemba 29, robo ya nne dhidi ya Michigan, alipovunjika kifundo cha mguu. Akabaki Cardale Jones, ambaye mwanzoni mwa Agosti alikuwa mtu wa tatu, na mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya kanda dhidi ya Wisconsin siku saba baadaye. Waweka dau waliwapa Wisconsin nafasi kubwa zaidi. Ohio State wakashinda 59–0.

Jones hakugeuka Barrett kwa wiki moja. Kilichobadilika ni mpango. Barrett alikuwa wa pasi fupi na mbio. Jones alikuwa mrefu, mzito, mwenye mkono wa kurusha mpira mbali sana. Makocha wakamwambia arushe mbali. Pasi zake tatu za tachidauni siku ile zote zilikwenda kwa Devin Smith, mpokeaji wa njia ndefu. Wisconsin wangetaka kumsogeza beki wa nyuma mbele ili wamzuie mkimbiaji Ezekiel Elliott, lakini kila walipojaribu mpira ulipita juu ya vichwa vyao. Walipomrudisha nyuma, Elliott akapita katikati. Alipata yadi 220. Januari 1, 2015, waliwafunga Alabama 42–35, na Januari 12 wakawafunga Oregon 42–20 kwenye fainali ya taifa, Elliott akikimbia yadi 246. Mbadala wa tatu alitwaa ubingwa kwa sababu tishio lililobakiza mabeki nyuma halikuondoka. Liliongezeka, tena.

Tofauti nyingine ni saa. Jones alipewa siku saba. Gilbert alipewa muda wa kutafuta kofia yake.

Oregon ya 2007 inaonyesha jambo la tatu: siri. Dennis Dixon aliichana kano ya goti mwanzoni mwa Novemba, timu ikanyamaza, akacheza tena Novemba 15 dhidi ya Arizona. Alikimbia tachidauni mapema, kisha goti likakataa bila hata kuguswa na mtu. Oregon, waliokuwa wa pili nchini, walipoteza 34–24, na wiki iliyofuata wakafungwa 16–0 na UCLA bila kupata pointi moja. Mpango wao mzima ulijengwa juu ya hofu kwamba Dixon anaweza kukimbia mwenyewe. Hofu hiyo ilipoondoka, ule mchezo wa kumdanganya mlinzi nani ana mpira haukumdanganya mtu tena. Kuficha majeraha kwa namna ile kumekuwa kugumu zaidi tangu Mahakama Kuu ya Marekani ifungue milango ya kamari ya michezo mwaka 2018. Kanda ya Big Ten ilianza kutoa taarifa za wachezaji watakaokosekana mwaka 2023, SEC ikafuata 2024. Pesa ya dau inahama dakika taarifa inapotoka, na wakubwa wa vyuo hawataki ihamishwe na mtu aliyeipata taarifa kwa mlango wa nyuma kutoka kwa mwanafunzi mwenzake bwenini.

Jeraha linaweza hata kuamua mechi ambayo haikuchezwa. Novemba 18, 2023, Jordan Travis wa Florida State aliumia vibaya mguu dhidi ya North Alabama. Mbadala wake, Tate Rodemaker, akaifunga Florida 24–15, lakini akapata mtikisiko wa ubongo, na fainali ya kanda ya ACC ikaanzwa na Brock Glenn wa mwaka wa kwanza. Ulinzi ukabeba mzigo, wakawashinda Louisville 16–6. Timu ikawa na ushindi 13 bila kufungwa. Kesho yake kamati ya kuchagua timu nne za kuwania ubingwa wa taifa ikawaacha nje, ikachukua Michigan, Washington, Texas na Alabama. Kanuni za kamati ziliruhusu kuzingatia kukosekana kwa wachezaji muhimu, na ndivyo ilivyoeleza. Katika mfumo ule wa timu nne, hakuna bingwa wa kanda kubwa aliyekuwa amewahi kuachwa hivyo bila kupoteza mechi. Baadaye Georgia waliwacharaza 63–3 kwenye Orange Bowl, mechi ya heshima ya mwisho wa msimu, na waliounga mkono kamati wakasema, mmeona? Hawakuona kitu. Florida State ile ya Desemba 30 ilikuwa imekimbiwa na wachezaji wake wengi, wengine wakijiandaa kwa ligi ya kulipwa, wengine wakihama chuo. Kwa maoni yangu vijana wale walidhulumiwa: walihukumiwa kwa mechi ambazo wangeweza kupoteza badala ya zile walizoshinda.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Georgia wenyewe. Desemba 7, 2024, kwenye fainali ya SEC dhidi ya Texas, Carson Beck alipigwa mkono wa kurushia kwenye mkupuo wa mwisho wa kipindi cha kwanza, kiwiko kikaumia. Georgia walikuwa nyuma 6–3. Gunner Stockton, ambaye hakuwahi kuanza mechi yoyote ya chuo, alipata angalau yale mapumziko ambayo Gilbert hakuyapata mapema. Makocha wakampunguzia mambo, wakaegemea kukimbia, na mashambulizi ya kwanza ya kipindi cha pili yakatembea yadi 75 hadi tachidauni. Mechi ikafika muda wa nyongeza. Stockton akakimbia, akagongwa vibaya mno hadi kofia ikaruka. Sheria inasema kofia ikikutoka hivyo, unatoka kwa mkupuo mmoja. Basi akarudi Beck, mwenye mkono usioweza kurusha kitu, akasimama pale, akapokea mpira, akamkabidhi Trevor Etienne. Tachidauni, 22–19. Texas walipaswa kujua kwamba Beck hawezi kurusha. Lakini beki gani angethubutu kuwa na uhakika?

Stockton alianza mechi yake ya kwanza kwenye Sugar Bowl, robo fainali ya taifa, dhidi ya Notre Dame, Januari 2, 2025, akiwa na karibu wiki nne za kujiandaa. Georgia walifungwa 23–10, na simulizi ikawa tayari: kwotabeki hayupo, msimu umekwisha. Kijana alirusha yadi 234, hesabu ya heshima. Ni kweli kwamba karibu na mwisho wa kipindi cha kwanza alinyang'anywa mpira mkononi, na mkupuo uliofuata ukawa tachidauni. Ila Notre Dame walipata pointi 17 ndani ya dakika isiyotimia ya saa ya mchezo, na saba za mwisho kati ya hizo zilitoka kwenye mpira wa kuanzia kipindi cha pili, Jayden Harrison alipoupokea na kukimbia nao yadi 98. Kwenye mkupuo ule hakukuwa na kwotabeki wa timu yoyote uwanjani.